Shavu la Mguu na Istilahi Zake: Uhakiki wa Mswada Mmoja wa Mazoezi

Utangulizi

Mtu akishajulikana kwamba anaipenda lugha, huletewa miswada ya watu aisome kabla haijapigwa chapa. Hivi karibuni nililetewa mswada wa kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, chenye kurasa 28, kinachofundisha namna ya kuikuza na kuitia nguvu misuli ya nyuma ya mguu, yaani ile iliyo baina ya goti na kisigino. Kimekusudiwa walimu wa elimu ya viungo pamoja na vijana wanaonyanyua vyuma katika kumbi za mazoezi. Mfasiri sitamtaja, wala ofisi iliyompa kazi hiyo sitaitaja, kwani makosa nitakayoyaeleza hayakuanza kwake. Yeye ameyaokota pale ambapo sisi sote tumeyaacha.

Huenda msomaji akauliza: je, jarida la istilahi lina haja gani na shavu la mguu? Jibu ni kwamba kwa miaka mingi tumeshughulika na istilahi za sheria, za utawala, za benki na za sayansi ya shuleni, na kazi hiyo ilistahili kufanywa. Lakini mwili wa mwananchi anayefanya mazoezi tumewaachia watangazaji wa mpira na wenye kumbi. Matokeo yake ni kwamba mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi ni kitu gani hasa kinachomuuma mguuni hana hakika ya neno la kutumia, na mwanafunzi anayesikia hana hakika ya alichoambiwa.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Neno moja kuwa na maana mbili si kosa. Lugha zote zina maneno ya namna hiyo. Maana zikiwa mbali, hazigombani, kwa sababu sentensi yenyewe huchagua. Hatari huzuka pale maana zinapokuwa jirani, zote zikaingia katika sentensi ile ile bila ya msomaji kushtuka. Kwa kipimo hicho nitaupima mswada huu.

1. Yaliyo mema

Kabla ya kulaumu, yafaa kusifu. Mfasiri huyu anajua kuandika. Sentensi zake ni fupi, na amri zake zinatekelezeka: "Goti lisipinde", "Shuka polepole kuliko ulivyopanda", "Kisigino kishuke chini ya ukingo wa ngazi." Mahali ambapo wengi wetu siku hizi tungeandika neno la Kiingereza lililovikwa kiambishi cha Kiswahili, yeye ameandika "kunyoosha". Mahali ambapo watangazaji wamezoea kusema "enka", yeye ameandika "kifundo cha mguu". Huyu si mfasiri mvivu, na ndiyo maana makosa yake yanafundisha. Mvivu hukosea kwa kutojali. Mtu mwangalifu akikosea, aghalabu ni kwa sababu lugha yenyewe haijamwekea alama njiani.

2. Ndama, shavu na kigimbi

Sura ya kwanza ya mswada ina kichwa hiki: "Mazoezi ya Ndama." Asiyejua Kiingereza atadhani kwamba kijitabu ni cha wafugaji. Aliyejua ataona mara moja yaliyotokea: katika Kiingereza, neno linalotaja sehemu hiyo ya mguu ndilo hilo hilo linalomtaja mtoto wa ng'ombe. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba siku hizi "misuli ya ndama" huonekana mara kwa mara katika tafsiri zinazotolewa na kompyuta bila ya mkono wa mtu. Nadhani mfasiri wetu alianza na tafsiri ya namna hiyo, akaisahihisha, na kichwa kikamponyoka.

Hata hivyo kosa hili, kwa kipimo nilichokitaja, ni dogo. Ndama na mguu wa binadamu ni vitu vilivyo mbali. Msomaji atacheka, atasahihisha kichwani mwake, na ataendelea. Hakuna atakayeumia.

Katika kurasa zinazofuata mfasiri ameandika "shavu la mguu", na mbele zaidi "kigimbi", kana kwamba ni maneno mawili ya kitu kimoja. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Shavu la mguu ni jina la kiungo: kila mtu analo, mnene na mwembamba, mtoto na mzee. Kiswahili kimekiita kiungo hicho kwa kukifananisha na shavu la uso kwa sababu ya kujaa kwake, na baadhi ya watu wa pwani husema pia "tafu". Wayunani wa kale nao walitazama umbo lile lile wakaona tumbo, na jina la kitaalamu la msuli mkubwa wa hapo, gastroknemio, maana yake ni tumbo la mguu. Wao tumbo, sisi shavu. Kila mmoja ameliona vema.

Kigimbi ni habari nyingine. Neno lenyewe linaonekana kuwa ni udogo wa gimbi, na aliyewahi kulinunua gimbi sokoni ataiona sababu. Hatusemi kwamba kila mtu ana vigimbi. Tunasema "fulani ana vigimbi" tunapotaka kusema kwamba mashavu ya miguu yake yamejaa na kukomaa, kama ya mwendesha baiskeli au mpanda milima. Na usemi huo unaweza kuwa wa sifa au wa utani. Kwa hiyo shavu la mguu ndilo jina la mahali, na kigimbi ni jina la hali ambayo mahali hapo panaweza kuifikia. Tukiyashika hivyo, tunapata sentensi ambayo mfasiri aliitafuta kwa taabu katika ukurasa wa 3 asiipate: mazoezi ya shavu la mguu humpa mtu vigimbi.

3. Misuli miwili isiyokuwa na majina

Ndani ya shavu la mguu mna misuli miwili mikuu. Wa kwanza upo juu, karibu na ngozi, nao una vichwa viwili vinavyoanzia juu ya goti, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje. Wa pili umelala chini ya huo, ni mpana na bapa, nao huanzia chini ya goti. Yote miwili huungana katika kano moja nene linaloshika mfupa wa kisigino. Mswada unaiita yote "msuli wa shavu" bila ya kutofautisha, na katika ukurasa wa 11 unasema: "Zoezi hili lifanywe ukiwa umesimama au umekaa, upendavyo."

Sentensi hiyo ni fasaha, lakini si kweli kwamba ni upendavyo. Kwa kuwa msuli wa juu unavuka goti, goti likipinda msuli huo hulegea, na kazi kubwa humwangukia mwenzake wa chini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023, watu wazima 14 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi ya uzito walizoeza mguu mmoja kwa kusimama na mguu wa pili kwa kuketi, mara 2 kwa juma kwa muda wa majuma 12. Katika mguu uliozoezwa kwa kusimama, kichwa cha ndani cha msuli wa juu kiliongezeka kwa asilimia 9 hivi na cha nje kwa asilimia 12 hivi. Katika mguu uliozoezwa kwa kuketi, vichwa hivyo havikufikia hata asilimia 2. Msuli wa chini uliongezeka kidogo, kwa asilimia 2 hadi 3, katika miguu yote miwili.

Mwalimu atawezaje kuieleza habari hii ikiwa misuli yenyewe haina majina? "Wa juu" na "wa chini" havitoshi, kwani msomaji anaweza kufikiri juu ni karibu na goti na chini ni karibu na kisigino. "Wa nje" na "wa ndani" ni vibaya zaidi, kwa kuwa tumekwisha kuyatumia maneno hayo kwa vichwa viwili vya msuli mmoja. Yatupasa kutunga. Kanuni tuliyoizoea inatuamuru tuanze na Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kukopa, na Kiswahili hapa hakituangushi. Wafaransa na Wahispania wameuita msuli wa juu kwa jina la mapacha kwa sababu ya vichwa vyake viwili. Nasi tuna neno hilo, tena halihitaji maelezo: napendekeza "msuli pacha". Wa chini yake, ambao Kilatini kimeuita kwa jina la kiatu cha wazi kwa sababu ya ubapa wake, napendekeza tuuite "msuli bapa". Nilifikiri kidogo juu ya "msuli kubazi", lakini darasa zima lingeangua kicheko, na somo lingeishia hapo.

Yafaa niongeze kwamba "umekaa" si neno la kuaminika katika maelekezo ya mazoezi. Mtu anaweza kukaa mjini, kukaa kimya, na kukaa amesimama. "Kuketi" ni moja tu.

4. Msuli, kano na mshipa

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Katika ukurasa wa 6 mswada unasema kwamba "mshipa hukua unapobebeshwa uzito". Katika ukurasa wa 9 unataja "mshipa unaoshika kisigino". Katika ukurasa wa 14 unaeleza kwamba "mishipa ya shavu huisaidia damu kupanda". Na katika ukurasa wa 21, chini ya kichwa cha habari cha maumivu, unatoa shauri hili: "Mshipa wa mguu ukiuma, ukandwe kwa maji ya moto, kisha endelea na zoezi kwa uzito mdogo."

Mshipa wa kwanza ni msuli. Wa pili ni kano. Wa tatu, kwa kuwa sura yenyewe inaeleza jinsi misuli ya shavu inavyozikamua njia za damu na kuisukuma damu irudi moyoni, ni vyote viwili pamoja, msuli na njia ya damu, na msomaji hajui kipi kinachosaidia na kipi kinachosaidiwa. Wa nne ni upi?

Wala hatuwezi kumlaumu mfasiri kwamba amelibuni tatizo hili. Mshipa katika Kiswahili cha tangu zamani ni neno pana. Njia ya damu ni mshipa. Neva ni mshipa wa fahamu. Kano huitwa mshipa. Na katika mazungumzo ya wazee hata ngiri ni mshipa. Nyumbani upana huo hauna madhara makubwa, kwa sababu msemaji huonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole.

Naomba ruhusa ya msomaji nieleze jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzangu alirejea kutoka safari ya basi ya kutwa nzima. Siku ya pili shavu la mguu wake wa kushoto lilimuuma, likavimba, likawa na joto. Alituambia, "Mshipa umenikaza, ndugu zangu." Kwa kuwa alikuwa mtu wa mazoezi kila jioni, sote tulielewa kwamba ni msuli. Mmoja wetu akamshauri akandwe kwa maji ya moto, na aliyetoa shauri hilo ni mimi. Kwa bahati njema mkewe hakuliamini, akampeleka hospitali, na huko ikaonekana kwamba damu ilikuwa imeganda katika mshipa ulio ndani kabisa ya mguu. Daktari alitufahamisha kwamba bonge la namna hiyo likimeguka linaweza kusafiri na damu hadi mapafuni na kumuua mtu, na kwamba mguu wa namna hiyo haukandwi. Mwenzangu alipona. Nilipotafakari baadaye niliona kwamba neno alilolitumia lilikuwa sahihi kabisa: ulikuwa ni mshipa. Niliyekosea ni mimi niliyelisikia kwa maana ya jirani yake.

Basi shauri la ukurasa wa 21 halina hata neno moja lisilo la Kiswahili sanifu, na bado haliwezi kuchapishwa. Msomaji mwenye msuli uliochoka atalisoma na kuona linamhusu. Mwenye kano lililokatika, ambaye pengine amehisi kana kwamba amepigwa teke kwa nyuma, naye ataona linamhusu. Mwenye damu iliyoganda naye vivyo hivyo. Wa kwanza atapona kwa kupumzika. Wa pili na wa tatu wanahitaji daktari siku ile ile.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba katika maandishi yote ya mazoezi na ya afya maneno haya yatengwe kabisa. "Msuli" uwe ni nyama inayojikaza na kulegea ili kiungo kitembee. "Kano" liwe ni kile kinachoufunga msuli kwenye mfupa, nalo la nyuma ya mguu liitwe "kano la kisigino". "Mshipa" libaki na njia ya damu, na ikibidi liandikwe kwa ukamilifu, "mshipa wa damu". Neva iitwe "neva". Mfasiri mwenyewe analijua neno kano, maana amelitumia mara moja katika ukurasa wa 17. Lililomshinda ni kulishika neno lake kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Najua wapo watakaolipinga neno msuli. Watasema ni la kukopa, tena linagongana na msuli ambao mwanamume hujifunga kiunoni, na kwamba afadhali tuseme "mnofu" au "nyama", kama watangazaji wasemavyo "nyama za paja". Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mnofu hutukumbusha jikoni, nao huwa haujikazi tena. "Nyama za paja" hueleweka, ila hakuna awezaye kusema ni nyama ipi kati ya hizo. Ama kuhusu nguo, maana hizo ni za mbali: hakuna atakayeufunga msuli wa mguu kiunoni, na hakuna atakayeipa nguo mazoezi. Hata wanafunzi wa vyuo waliopata kusema kwamba "wanapiga msuli", yaani wanasoma kwa bidii, hawakumpotosha mtu.

5. Kuvimba, kutuna na kukua

Kasoro ya pili kwa uzito ni ya kitenzi. Ukurasa wa 12 unamtuliza msomaji hivi: "Baada ya zoezi ukiona mguu umevimba, usiogope, ni dalili kwamba misuli inajengeka." Ukiisoma sentensi hiyo pamoja na ile ya ukurasa wa 21, utaona kwamba mtu mwenye ugonjwa wa mwenzangu angeambiwa kwanza asiogope, kisha akandwe.

Kiswahili ni tajiri katika maneno ya kujaa na kuongezeka: kuna kuvimba, kufura, kutuna, kuumuka, kunenepa, kuwanda, kukua. Kila moja lina mahali pake, na msemaji mzuri hayachanganyi. Unga wa mkate huumuka. Uso wa aliyeumwa na nyuki huvimba. Mifugo hunenepa. Katika mazoezi mambo ni matatu, nayo ni haya.

La kwanza ni lile linaloonekana papo kwa papo. Msuli unapofanya kazi nzito, damu na majimaji huujaa, nao huonekana mkubwa kwa muda kisha hurudi ulivyokuwa. Hali hii iitwe "kutuna". Ndiyo maana ya asili ya neno "kutunisha misuli", yaani kuifanya itokeze ili watu waione, na magazeti yetu yamelichukua vema yanaposema kwamba wakubwa wawili "wanatunishiana misuli". Mtunisha misuli anayesimama jukwaani mbele ya waamuzi anastahili jina hilo, kwa kuwa kazi yake pale ni kuonyesha.

La pili huja kwa majuma na miezi. Nyuzi za msuli, zikibebeshwa uzito mara kwa mara, zikapata chakula na mapumziko, huwa nene zaidi. Hali hii iitwe "kukua kwa msuli", na kazi ya kuileta iitwe "kukuza misuli". Tukiiita nayo kutunisha, kijana atajitazama katika kioo baada ya zoezi la siku moja, atauona mguu umetuna, ataamini kwamba umekua, na kesho yake utakapokuwa umerudi kama zamani ataamini kwamba amedanganywa. Wengi wameyaacha mazoezi kwa sababu hiyo.

La tatu ni kuvimba. Hili tuliachie maradhi na majeraha, na tulilinde. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa likiwa na joto au wekundu, msomaji aambiwe aogope kidogo, aende akapimwe. Neno lililokwisha kutumiwa kwa habari njema haliwezi tena kupiga mbiu ya hatari.

6. Kuchuchumia na kuchuchumaa

Zoezi lenyewe ambalo kijitabu kizima kimeandikwa kwa ajili yake ni jepesi kulieleza: mtu husimama kwa sehemu ya mbele ya wayo, hupandisha visigino kadiri awezavyo, kisha huvishusha. Katika mswada linaitwa "kuinua ndama" mara mbili, "kusimama kwa vidole" mara kadhaa, na katika ukurasa wa 15, "kuchuchumaa kwa vidole".

Hilo la mwisho lilinifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Lilinifurahisha kwa kuwa nyuma yake naliona neno ambalo mfasiri alilikusudia, nalo ni zuri mno: kuchuchumia. Mtoto anayetaka pera lililo juu ya kimo chake huchuchumia. Mama anayeishusha sufuria kutoka rafu ya juu huchuchumia. Hakuna Mswahili anayehitaji kuonyeshwa picha. Lilinihuzunisha kwa kuwa herufi moja imegeuka, na kuchuchumaa ni kinyume chake: ni kukunja magoti na kushuka, nalo ni zoezi la mapaja. Mwalimu anayeifuata amri ya ukurasa wa 15 atawashusha wanafunzi mahali alipotakiwa kuwapandisha.

Mwanzoni nilikusudia kupendekeza kwamba "kuchuchumia" liwe ndiyo istilahi sanifu. Nimebadili nia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya herufi moja: maneno mawili yanayofanana hivi, yakitaja mazoezi mawili ya mguu ule ule, yataendelea kubadilishana katika mitambo ya uchapaji na katika masikio ya wanafunzi. Ya pili ni kwamba kuchuchumia ni kwa aliyesimama, na tumekwisha kuona kwamba zoezi hili lina namna mbili. Kumwambia mtu "chuchumia huku umeketi" ni kumwambia afanye lisilowezekana. Kwa hiyo istilahi na iwe "kuinua visigino", na namna zake ziwe "kuinua visigino kwa kusimama" na "kuinua visigino kwa kuketi". Kuchuchumia tulibakize kuwa neno la mwalimu, la kufafanulia somo. Tena lina faida moja kubwa: mtu ambaye hawezi kuchuchumia kwa mguu mmoja ulioumia ana sababu ya kushuku kwamba kano la kisigino limekatika. Sentensi hiyo mwanafunzi yeyote ataielewa na kuikumbuka.

7. Mengineyo

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka. "Mazoezi ya nguvu" yanaweza kusomwa kuwa ni mazoezi makali, au hata ya kulazimishwa. "Mazoezi ya kujenga nguvu" hayana shaka hiyo. Tena nguvu na ukubwa si kitu kimoja. Katika majuma ya kwanza mtu huongezeka nguvu kabla msuli haujakua kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu neva zinajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi kazini. "Mguu" katika Kiswahili ni kutoka nyonga hadi vidoleni, hivyo "weka mguu juu ya ngazi" haitoshi. Mfasiri aandike "sehemu ya mbele ya wayo". Kwa hesabu ya zoezi, mswada unachanganya "raundi", "awamu" na "mizunguko". Neno "seti" limekwisha kuenea na halina mpinzani; tulikubali kwa kundi la marudio yanayofuatana bila ya kupumzika, na "rudio" liwe ni tendo moja kamili la kupanda na kushuka.

8. Mapendekezo

Nayaweka hapa pamoja ili wasomaji wayachambue.

Shavu la mguu: sehemu ya nyuma ya mguu iliyojaa, baina ya goti na kifundo.
Kigimbi: shavu la mguu lililokua na kukomaa.
Msuli pacha: msuli wa shavu ulio karibu na ngozi, wenye vichwa viwili, unaovuka goti.
Msuli bapa: msuli mpana wa shavu ulio chini ya msuli pacha, usiovuka goti.
Kano la kisigino: kano linaloifunga misuli ya shavu kwenye mfupa wa kisigino.
Mshipa wa damu: njia ya damu, na hiyo tu.
Kutuna: kujaa kwa msuli kwa muda wakati wa zoezi au mara baada yake.
Kukua kwa msuli: kuongezeka unene kwa nyuzi za msuli kwa kuzoezwa muda mrefu.
Kuvimba: kujaa kwa kiungo kwa sababu ya maradhi au jeraha.
Kuinua visigino: zoezi la kupandisha na kushusha visigino, kwa kusimama au kwa kuketi.
Rudio: tendo moja kamili la zoezi.
Seti: kundi la marudio yasiyokatizwa na mapumziko.

Hitimisho

Mswada nimeurudisha kwa mwenyewe pamoja na masahihisho haya, nikiandika pembeni mwa ukurasa wa 21 kwamba usichapishwe kabla daktari hajauona. Ameahidi kuufanyia kazi, na sina shaka kwamba atafanya hivyo, kwani ameijua thamani ya neno.

Kuna mwenzetu aliyeniambia kwamba vijana wa kumbi za mazoezi wanaelewana vizuri bila ya istilahi zetu. Ni kweli, wanaelewana, maana wamesimama pamoja na kila mmoja anaona mguu wa mwenzake. Mwalimu wa shule ya mbali aliyeletewa kijitabu kwa posta haoni mguu wa mtu. Ana maneno tu, na kwa maneno hayo ataamua kama mtoto aliye mbele yake apumzike, aendelee, au akimbizwe hospitali.

Nawaomba wafasiri, walimu wa elimu ya viungo, na hasa waganga, wayachunguze mapendekezo haya na kuleta maoni yao. Ikiwa kuna mahali katika lahaja zetu ambapo msuli bapa una jina lake la asili, nitafurahi kulifuta langu.